Madirisha Yaliyokataa Kufungwa

Siku jopo lilipoingia chumbani kuamua, Ċensa alifika mahakamani mapema, akachagua benchi la ukumbini lililo karibu na choo, kwa sababu ya miguu yake na kwa sababu ya mtoto. Alibeba kikapu. Ndani mlikuwa na mkate uliopakwa nyanya na mafuta ya zeituni, chupa ya maji, sweta la mjukuu wake Rożi, na ule mto wake wa kufumia lesi pamoja na vijiti vyake. Kungoja ni kazi, lakini haina kitu cha kumwonyesha mtu jioni, ndiyo maana akabeba na lesi.

Raia tisa wa jopo walipita mbele yake wakifuatana. Walikuwa watu wa kawaida tu: muuza vifungo aliyekuwa mkuu wao, mwalimu, dereva wa basi, wengine hata Ċensa hakujua wanafanya nini. Hakuna aliyemtazama. Nyuma yao alikuja Ċikku, tarishi wa mahakama, amekumbatia ubao wa dirisha, wa kijani, wenye bawaba mbili na lebo ya kielelezo imening'inia kwa uzi. Ubao ulikuwa unalia kwa kwikwi.

"Samahani, bibi, rudisha miguu kidogo," Ċikku akasema. "Nisije nikajikwaa nikauangusha."

Ċensa akarudisha miguu. Mlango ukafungwa.

"Ni Lippu," Rożi akasema.

"Ndiye," akasema Ċensa. "Kula mkate wako."

Lippu alikuwa kaka yake Rożi. Alifariki akiwa na miaka saba, katika nyumba ya Salvinu, baba yao wa kambo, na huyo Salvinu ndiye aliyekuwa kizimbani. Alisema mtoto alianguka ngazini. Daktari alisema ngazi haina vidole. Tangu Salvinu alipokamatwa, jaji alimweka Rożi kwa bibi yake mpaka kesi iishe. Jopo likisema Salvinu ameua, mtoto atabaki kwa Ċensa, nyuma ya kinu cha upepo, hadi awe mkubwa. Likisema hakuua, atarudi kwa mama yake na kwa Salvinu siku hiyohiyo, kabla ya chakula cha jioni. Hakukuwa na la katikati. Ċensa alikuwa ameuliza.

Pale kijijini kwao, Hal Dwieli, msiba ukipita barabarani kila nyumba hufunga madirisha ya mbele mpaka jeneza lipite. Ni heshima ya maiti. Hata mtu mliyegombana naye miaka kumi kwa ajili ya bendi ya kijiji, jeneza lake likipita unafunga. Jeneza la Lippu lilikuwa dogo, jeupe. Salvinu alilibeba mwenyewe begani, kwa kuwa lilikuwa jepesi na kwa kuwa yeye ndiye bega la mbele la kulia katika kubeba sanamu ya mtakatifu kila sikukuu, kazi ambayo kijijini kwao hapewi mtu hivihivi. Watu wa mtaa wake wakasogea madirishani wafunge. Mbao hazikufunga. Wakasukuma, wakaegemea kwa makalio, mzee mmoja akatumia nyundo. Jeneza likapita mbele ya mtaa mzima uliokodoa macho, na watu wakaona aibu, wakajificha nyuma ya mapazia.

Fundi seremala aliitwa siku ya pili. Akapiga randa, akatia mafuta, akasema mbao zimevimba. Jioni ile mbao zikaanza kusema.

Kila ubao ulirudisha kile uliofungiwa nje. Ule wa Ġuditta, anayetazamana na nyumba ya Salvinu, ulirudisha kilio cha mtoto cha Jumamosi moja. Wa muuza mkate ulirudisha kishindo ukutani na sauti ya mwanamke ikisema basi, basi, watu watasikia. Wa mwalimu mstaafu ulirudisha mtoto anayehesabu kwa sauti, anafika kumi na sita, anakosea, kunakuwa kimya kidogo, anaanza tena moja. Hivyo kila jioni, kila nyumba na chake, kama redio zisizokubaliana kituo.

Watu huzoea. Walijaza pamba masikioni, wakatundika mablanketi, wakaongeza sauti ya rozari redioni. Mvua ya kipupwe iliingia ndani, ikaharibu makochi. Padri alikuja na maji ya baraka, akanyunyiza, akasema mbao hazina dhambi. Mwishowe mtu akaenda polisi. Malalamiko yalikuwa ya kelele. Sajini alikuja kwa ajili ya kelele, akasimama barabarani na kofia mkononi mpaka saa ya kula ikampita, na kesho yake Salvinu akachukuliwa.

Mwendesha mashtaka alitaka mbao zote ziletwe. Jaji alikuwa mtu mzima, amechoka, na chumba cha vielelezo kilikuwa kidogo. Akakubali ubao mmoja, ule wa Ġuditta. Wakili wa Salvinu akasimama.

"Mheshimiwa, ubao hauapi. Hauna mkono wa kuweka juu ya Biblia. Na mimi nikiuhoji, utanijibu nini?"

Jaji akauliza ubao kama una la kusema. Ubao ukalia. Akaandika, akaamuru kwamba jopo liruhusiwe kuutazama ubao, lakini lisichukue kilio chake kama maneno.

Baada ya hapo wakapita majirani. Waliulizwa mbona walifunga madirisha jioni zile. Ġuditta akasema ulikuwa upepo. Muuza mkate akasema upepo. Mwalimu mstaafu akasema upepo, na vumbi pia. Wakapita mtaa mzima, na kwa ushahidi wao hakuna jioni ya mwaka ule iliyokosa upepo. Akaletwa mtu wa hali ya hewa, akasema ulikuwa mwaka mtulivu, hata mashua za tanga zilipata shida. Hakuna aliyemuuliza zaidi.

Sasa Ċensa alikaa kwenye benchi akafuma lesi, na Rożi akahesabu vijiti.

"Kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita, kumi na nane."

"Kumi na saba ameenda wapi?"

"Sijui."

"Mtafute. Hajaenda mbali."

Rożi akatazama chini ya benchi. Kisha akacheka, akaanza upya.

Ġuditta alitokea ngazini anahema, na furushi la vileja vya asali.

"Ċensa, shoga yangu, umekula lakini? Usije ukaanguka hapa wakatupa kesi nyingine."

"Nimekula."

"Chukua, mpe na mtoto. Nimepika mwenyewe." Akakaa, akashusha sauti. "Ati, watanirudishia lini ubao wangu? Roshani yangu imekaa kama mdomo uliong'oka jino. Watu wakipita wananichungulia mpaka sahani ninayolia."

"Muulize jaji."

"Nitamuulizaje jaji mimi? Muulize wewe, wewe wanakuonea huruma."

Ċensa akavuta uzi, akaubana kwa pini. "Ule upepo, Ġuditta. Ulikuwa unatoka wapi?"

"Upepo gani?"

"Uliokufanya ufunge."

"Ah, wa kusini ule. Ule wa joto, wenye mchanga."

"Dirisha lako linatazama kaskazini."

Ġuditta akakunja kile kitambaa cha vileja mara mbili, kisha akakikunjua. "Mimi nina presha, Ċensa," akasema. "Daktari kanikataza mambo haya." Akambusu Rożi utosini, akaondoka, na vileja akaviacha.

Nyuma ya mlango ubao ulikuwa unalia bado. Kulia kwenyewe kulikuwa kwa mtoto aliyekwisha kuchoka, anayelia kwa sababu hajui njia nyingine ya kumaliza siku. Ċensa alikuwa ameusikia siku zote za kesi na mikono yake haikusimama tena. Mwanzoni ilikuwa inasimama.

Mchana Doris alikuja. Doris ni binti yake Ċensa, mama yao Lippu na Rożi. Mume wa kwanza alikufa bandarini, akaolewa na Salvinu. Kesi nzima alikaa upande wa pili wa chumba, pamoja na wanaume wa klabu ya bendi, wenzake Salvinu. Sasa alisimama mbele ya benchi, mkoba ameubana kifuani.

"Mama."

"Umekonda."

"Sijaja kupimwa. Nimekuja kukwambia, akitoka leo, Rożi anarudi nyumbani. Nimeshamtandikia kitanda."

"Kitanda cha nani?"

"Vitanda ni vitanda, mama."

"Cha nani, Doris?"

"Shuka ni mpya," Doris akasema.

Ċensa akafuma mshono mmoja, akafuma wa pili.

"Alianguka," Doris akasema. "Ngazi zile zinateleza, unazijua mwenyewe."

"Nazijua. Nilizipanda siku ya harusi yako, na viatu vya visigino, na mvinyo kichwani."

"Usianze."

"Sijaanza kitu, mwanangu. Kaa upumzishe miguu."

Doris hakukaa. Rożi alikuwa ameinua kichwa, anasikiliza mlango kama mtu anayesikiliza wimbo anaoujua.

"Mama," Rożi akamwambia Doris, "hii ni ile siku ya maziwa. Alipomwaga maziwa. Sasa hivi ataniita mimi."

Nyuma ya mlango ubao ukaita: Rożi.

"Nyamaza," Doris akasema. "Basi. Watu watasikia."

Akageuka kutazama ukumbini kama kuna mtu. Alikuwepo mfagiaji tu, na mfagiaji alikuwa anafagia. Ċensa alimtazama binti yake kwa muda. Sauti ile alikuwa ameisikia jioni moja ikitoka katika ubao wa muuza mkate, na hata siku ile alikuwa ameijua, kwa maana yeye ndiye aliyeifundisha kusema.

"Nenda ukanawe uso," akasema. "Maji yapo pale."

Doris akaenda.

Baadaye kidogo kilio kikafifia, kikawa kama kinatoka chini ya mto. Ċikku akatoka na trei ya vikombe vitupu na makombo ya sambusa za jibini.

"Wamekufa, au?" Ċensa akauliza.

"Nani, jopo? Hapana, wanagombana. Wameufunika ubao makoti. Wanasema hawasikilizani."

"Kuna baridi humo?"

"Joto kali, bibi. Wamefunga dirisha."

"Linafunga?"

"Lile la mahakama linafunga vizuri tu," Ċikku akasema. Akasimama na trei yake, akionekana kama anataka kuongeza neno. Alikuwa na wajukuu yeye pia. Akasema, "Nikuletee chai?"

"Niletee."

Chai ilikuwa haijapoa kengele ilipolia.

Chumba kilijaa. Rożi alibaki ukumbini na mfagiaji, aliyempa ufagio aushike. Mkuu wa jopo, yule muuza vifungo, alisimama, na koti lake lilikuwa limelowa bega zima mpaka kifuani, likimdondoka matone sakafuni, kwa kuwa ubao ulikuwa umelilia tangu mchana. Hakujipangusa. Akaulizwa kama Salvinu ana hatia ya kuua.

"Hana hatia, Mheshimiwa. Kura sita kwa tatu."

Wanaume wa klabu ya bendi wakapiga makofi. Jaji akawaambia wanyamaze, lakini aliwaambia polepole, akiwa ameshaanza kufunga faili. Salvinu akabusu medali yake, akalia machozi ya kweli. Ċensa alibaki ameketi. Alikuwa anajaribu kukumbuka kama sweta la Rożi lilikuwa kikapuni au benchini.

Mlangoni alikutana na muuza vifungo. Sheria ilimkataza kusema ya chumbani, naye aliijua sheria.

"Tulimsikia, mama," akasema. "Sote tisa tulimsikia. Hakuna aliyekana."

"Sasa?"

"Ubao haukumtaja aliyemuumiza. Unasema tu kwamba alilia, na kwamba watu walifunga." Akakamua ukosi wa koti lake. "Tukianza kumfunga mtu kwa kilio, tutafunga mtaa mzima. Na mimi pia nina mtaa."

"Una majirani?"

"Ninao."

"Wape salamu," Ċensa akasema, akaenda kumtafuta mtoto.

Salvinu alikuwa ameshafika ukumbini. Alikuwa mtu wa adabu mbele za watu, hilo hakuna aliyemnyima.

"Mama mkwe, nakushukuru kwa kumtunza. Mungu akulipe."

"Ana kikohozi kidogo," Ċensa akasema. "Usiku anaogopa giza, muachieni taa. Maziwa akimwaga, ni kwa sababu kikombe ni kikubwa, mkono ni mdogo."

"Tutamuangalia."

Akamnyanyua Rożi, akamkalisha juu ya bega lake, la kulia. Mtoto akashika nywele zake asidondoke, maana hakuwa na kingine cha kushika.

"Bibi, kesho utakuja?"

"Leo nakuja," Ċensa akasema. "Nyinyi tangulieni. Basi langu ni la polepole."

Hal Dwieli bendi ilikuwa inangoja uwanjani mbele ya kanisa. Walipiga nyimbo mbili tu, si za sikukuu, na fataki moja ikarushwa na mtu ambaye baadaye hakujulikana. Salvinu akaingia nyumbani kwake na mkewe na mtoto begani, akainama kidogo mlangoni ili mtoto asigonge kichwa. Watu waliliona hilo, wakasema mnaona. Mlango ukafungwa.

Ndipo mbao zikaanza kufunga.

Zilianza upande wa kanisa zikashuka na mtaa, dirisha moja baada ya jingine, bila kusukumwa, bila kelele, kama zilizotiwa mafuta asubuhi. Watu walitoka mlangoni kutazama. Ubao wa Ġuditta ulikuwa umerudishwa na gari la mahakama, bado una lebo; fundi alipoupachika tu kwenye bawaba ukafunga, nusura umbane kidole.

"Mungu ashukuriwe," Ġuditta akasema.

"Ni ukavu," akasema fundi. "Nilisema zimevimba. Sasa zimekauka."

Wakajaribu kufungua, zikafungua. Wakafunga, zikafunga. Hazikulia tena. Muuza mkate akatoa pamba masikioni, akaitazama, akaitupa. Mwanamke mmoja alisema sasa anaweza kununua kochi jipya.

Ċensa alifika na basi la mwisho la jioni. Hakwenda kwake nyuma ya kinu. Alipita kwa muuza mkate, akaomba kiti, akapewa kiti kizuri chenye mgongo. Akakiweka barabarani, mbele ya mlango wa Salvinu, chini ya kishubaka cha ukutani chenye sanamu ndogo ya Bikira na mshumaa. Akakaa. Akatoa mto wake wa lesi.

Walimjia kwa zamu, na wote walikuja na kitu. Muuza mkate alileta mkate wa moto. Mwalimu mstaafu alileta supu ya maharage na kijiko cha fedha. Fundi alileta kibao cha kuwekea miguu, akasema hahitaji kukirudisha.

"Utakaa mpaka lini, bibi?" fundi akamuuliza.

"Mpaka nichoke."

"Si umeshachoka?"

"Nimeshachoka," Ċensa akakubali.

Giza lilikuwa linaingia taratibu. Kutoka ndani ya nyumba, na safari hii haikuwa mbao, ikasikika sauti ya mtoto anayehesabu. Moja, mbili, tatu. Ilikuwa inasema kwa uangalifu, kama mtu anayetembea juu ya ukuta. Mwalimu mstaafu akakumbuka kwamba ameacha sufuria motoni. Fundi akamfuata. Mtaani dirisha moja likafungwa, kisha jingine, kisha yote.

Ġuditta alikuwa wa mwisho. Alimletea blanketi la sufu, akamfunika magoti, akalichomeka vizuri pembeni.

"Usikae sana, shoga," akasema. "Kuna upepo."

Juu ya vichwa vyao mwali wa mshumaa ulisimama wima, hautikisiki. Ġuditta akauona, akavuka barabara, akaingia kwake. Ubao wa kijani ukafunga vizuri kabisa.

Ndani ya nyumba mtoto alifika kumi na sita, akanyamaza. Mtaa mzima ulinyamaza pamoja naye. Kiti kikasikika kinasogezwa, na hatua za mtu mzima.

"Kumi na saba," Ċensa akasema kwa sauti, kutoka barabarani.

"Kumi na saba," mtoto akasema.